Meza Iliyo Chini ya Mforosadi Si ya Mkahawa

Kamariana, Krete
Mwanzo wa Septemba

Kwa Bwana Mhariri wa kitabu cha kuongoza watalii "Krete kwa Miguu na kwa Kijiko",
Athene

Bwana Mhariri mheshimiwa,

Kosa wanalolifanya wageni wengi wafikapo kisiwani kwetu ni kudhani kwamba kila meza iliyotandikwa nje inasubiri wateja. Wageni siwalaumu. Mtu aliyetembea korongo zima juani hasomi jina lililoandikwa mlangoni. Anaona kivuli, mkate na kiti. Lakini wewe hukutembea juani. Wewe ulikuwa ofisini, umekaa kwenye kiti chako mwenyewe, na kiti ndicho hasa kinachonifanya nikuandikie.

Nifafanue, kwa kuwa nilifundisha shule ya kijiji hiki mpaka ikafungwa kwa kukosa watoto, na mazoea ya kufafanua hayajaniacha. Katika toleo lako la mwaka jana, sehemu ya mahali pa kula milimani, umechapa maneno haya: "Ukishaona kanisa dogo la Mtakatifu Fotini na korongo lake, panda mpaka Kamariana. Usiishie uwanjani. Nenda nyumba ya mwisho, ukae chini ya mforosadi. Hakuna orodha ya vyakula. Mama atakuletea alichopika. Wahi kiti chenye mikono, maana ndicho kinachotazama bahari. Mhudumu ni mzee, mzito wa mwendo na mkali wa uso, lakini usimwogope."

Nyumba ya mwisho ni yangu. Mama ni mke wangu, Argyro. Kiti chenye mikono ni changu. Mhudumu ni mimi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hatujawahi kuwa mkahawa. Mwandishi wako alipotea njia siku moja, akatukuta tunakula, tukamkaribisha. Huku kwetu mgeni haulizwi amefuata nini mpaka awe ameshakula. Nawe pia una bibi uliyemwacha kijiji fulani, muulize. Mtu wako alikula konokono waliokaangwa kwa siki, akanywa raki, pombe yetu kali ya zabibu, akalamba asali, akashukuru akaenda zake. Sisi tulidhani ni mtu wa bima. Meza yetu ni ndefu, hilo nakubali. Niliichonga mwenyewe tulipokuwa na watoto watano. Sasa wapo Melbourne na Stuttgart, na mezani tumebaki mimi, Argyro na mama yake. Urefu wa meza si ushahidi wa biashara.

2. Kwa kuwa mgeni haulizwi kabla ya kula, hatuwezi kumwambia kwamba amekosea mahali. Na akishakula, kumwambia ni kumwaibisha. Naomba uisome sentensi hiyo mara ya pili, maana ndiyo gereza letu. Nilimweleza Argyro kwamba hoja hii haina mlango wa kutokea. Akanijibu, "Basi kama haina mlango, pitisha hizo sahani dirishani. Watu wana njaa."

3. Wageni wakimaliza kula huacha pesa chini ya sahani. Katika nyumba ya Mkrete hilo ni tusi ambalo zamani watu wangelihamia kijiji kingine kwa ajili yake. Mara ya kwanza Argyro alitoka mbio na hizo noti mkononi mpaka kwenye kona ya barabara, akawapata mume na mke, Waholanzi, akawarudishia. Wao wakadhani hazikutosha, wakaongeza. Akausukuma mkono wao, wakaongeza tena, na yule mama wa Kiholanzi akaanza kulia. Argyro alirudi nyumbani na pesa nyingi kuliko alizoondoka nazo na heshima pungufu. Akazitia zote kwenye sanduku la mishumaa kanisani. Tangu siku hiyo padri wetu, Yakovos, anahubiri kwamba watalii ni baraka, na akihubiri ananiangalia mimi.

4. Sasa nije kwenye kiti, bila kuzunguka. Kila adhuhuri kinakaliwa na mtu asiye mimi. Juma lililopita alikuwa daktari wa meno kutoka Lyon. Mimi nakula jikoni nimesimama, sahani juu ya friji, kama askari wa zamu. Kuna siku nilikaa mapema kabla hawajafika, nikaapa moyoni kwamba siondoki. Wakaja wasichana wawili na kitabu chako. Wakaniangalia mimi, wakaangalia kitabu, wakaniangalia mimi. Argyro akaninong'oneza kwa sauti iliyofika mpaka uwanjani, "Manousos, inuka. Hawa wametoka mbali. Wewe umetoka chumbani."

Niliinuka.

5. Kuhusu mandhari. Kitabu chako kinashauri kwamba hapa Kamariana mtu atazame kanisa, korongo, jua likizama, na "bibi mwenye nguo nyeusi aketiye mlangoni, anafaa sana kwa picha." Bibi huyo ni mama mkwe wangu, Ergina. Tangu afiwe na mumewe alikuwa hatoki ndani, na akitoka hasemi. Sasa anatoka asubuhi na mapema, amechana nywele, amefunga kitambaa kipya, na huketi upande wenye mwanga. Ameshajua shavu lipi ni zuri. Juzi nilipita mbele yake na kapu la zabibu, akaniambia, "Mkwe, sogea, unanizibia watu." Kwa hiyo baada ya kunyang'anywa kiti, hata kupita uani kwangu kunahitaji ruhusa.

6. Usidhani sikujitetea. Argyro alipogeuka nilimimina chumvi kwenye chungu cha dengu, chumvi ya kumfukuza hata ng'ombe. Wageni wakasifu kwamba hiyo ndiyo ladha halisi ya milimani, na mmoja akataka afundishwe. Nikaandika ubao, "Hii ni nyumba ya watu," kwa lugha nne, bila kosa hata moja, nikautundika kwenye mforosadi. Wakapiga picha chini yake, wakidhani ndilo jina la mkahawa.

7. Yupo Kanakis. Huyu ndiye mwenye mkahawa wa kweli, pale uwanjani, mwenye leseni na viti vya buluu. Tena ni binamu yangu kwa upande wa mama. Meza zake zilibaki tupu kiangazi kizima, nami nikawa naona haya kupita pale. Siku moja mnamo Agosti akapanda mpaka kwetu, akakaa mezani kati ya Wajerumani, mikono ameikunja, shingo imemwiva. Kwa kuwa naye alikuwa mgeni, hatukumuuliza kitu. Akala. Akafuta sahani kwa mkate. Ndipo akasema, "Mwalimu, mimi nilikuja kugombana."

"Gombana tu," Argyro akamwambia, "lakini maliza tini kwanza."

Akamaliza tini, na ugomvi wake hatukuusikia tena. Sasa huja kila adhuhuri, na mlangoni pa mkahawa wake amebandika kikaratasi: "Nimekwenda kula kwa Mwalimu." Kwa hiyo, Bwana Mhariri, kijiji kilichokuwa na mkahawa mmoja na nyumba yangu moja leo hakina mkahawa, na mimi sina nyumba. Kazi hiyo yote umeifanya kwa aya moja.

Ninachokuomba ni kidogo, na nitaridhika na lolote kati ya haya. Tufute kitabuni. Ikiwa kufuta kutakuharibia kurasa, andika kwamba chakula chetu ni kibaya. Nitakuletea mashahidi, nitawatafuta. Ikiwa dhamiri yako itakataa, maana si kibaya, andika kwamba nyumba ya mwisho ya Kamariana ilizama baharini. Najua tuko mlimani. Lakini wasomaji wako wanaamini kila unachoandika kuliko wanachokiona, na mimi niliyesimama jikoni ni ushahidi.

Na ikiwa utayakataa yote, basi mimi, Argyro, mama mkwe, Kanakis na Padri Yakovos tutapanda meli ya Athene. Tutafika kwako Jumapili adhuhuri, tutakaa mezani, na kiti chako nitakikalia mimi. Hutakuwa na ruhusa ya kutuuliza tumefuata nini mpaka tushibe, na nakuonya mapema kwamba Kanakis hashibi upesi.

Nisalimie mkeo, watoto, karani aliyekufungulia bahasha hii, na yule bibi yako wa kijijini. Padri anakuombea. Kanakis anakusalimu, mdomo umejaa. Mama mkwe anauliza kama toleo lijalo litakuwa na picha za rangi. Argyro hana salamu, kwa sababu hajui kwamba nimekuandikia.

Ni mimi, mwenye heshima kwako na miguu iliyochoka kusimama,

Manousos Pervolarakis
Mwalimu mstaafu, si mhudumu

Nyongeza. Barua hii ilikaa juu ya friji ikisubiri siku nitakayoshuka mjini kununua stempu. Katika kusubiri huko, mtu wa posta akaleta toleo lako jipya. Nimelisoma mara mbili. Hatumo. Mwandishi mwingine ameandika tu: "Kamariana: hakuna mahali pa kula. Pitiliza."

Nao wanapitiliza. Kanakis ameteremka akafungua mkahawa wake ili awadake njiani, lakini kwake pia hawasimami.

Jana nilikaa kwenye kiti changu. Kinatazama bahari kweli; mtu wako wa kwanza hakudanganya. Argyro alikuwa amepika chungu kilekile kikubwa, akatandika meza nzima, mpaka ule upande waliokuwa wakikaa watoto. Mama yake alikuwa amechana nywele. Tukakaa watatu kwenye ncha moja, tukila huku tunatazama barabara. Gari likaja, likapunguza mwendo pale konani. Argyro akasimama na mkate mkononi. Likapita.

Akabaki amesimama. Akaniuliza, "Manousos, kwani tumewakosea nini?"

Chakula kilikuwa cha moto, chumvi ilikuwa sawasawa, na mimi nilikuwa nimekaa. Sikukimaliza. Bibi Ergina aliingia ndani kabla ya jua kuzama na hajatoka mpaka ninapoandika haya.

Kwa hiyo barua hii naituma kama ilivyo, nisiinakili upya, kwa sababu maelezo ya njia yaliyomo ni sahihi: si uwanjani, ni nyumba ya mwisho, chini ya mforosadi. Kiti chenye mikono ukitaje kwanza. Mimi nimeshazoea friji.

Turudishe kitabuni leo.