Mate ya Baba

Jumatatu, 3 Machi.
Binti yangu hajalala, kwa hiyo nami sijalala. Anaota jino la kwanza, mate yanamtiririka kama bomba bovu. Watafiti wa hospitali wamenipa kichupa: Baba ateme mate humo, wasome vinasaba, wajue mapema kama yumo kwenye hatari ya saratani ya umio, njia ya chakula. Ndiyo iliyomchukua Babu. Baba mkubwa pia. Ilipogunduliwa, hata maji hayapiti. Baba ninaye mmoja. Atatema, apende asipende!

Jumanne, 4 Machi.
Hapendi. Anasema mate yake si ya kupelekwa maofisini. Na sharti asinywe kitu nusu saa kabla! Nikaificha chupa ya chai kwenye kapu la nepi. Akaifuata kwa pua. Akamimina chai inayofuka, akainywa palepale huku ananikodolea macho. Akauliza mwizi ni mimi au mjukuu wake.

Alhamisi, 6 Machi.
Wazo! Damu si ni moja? Binti kalala kifuani kwangu, kidevu kinachuruzika. Nikakinga kichupa. Kimejaa bila jasho. Nikaandika jina la Baba, nikapeleka. Akili ninazo, usingizi ndio sina.

Jumatano, 12 Machi.
Dada wa maabara kapiga simu. Kapokea Baba! Kaulizwa imekuwaje mate yake ni ya mwanamke. Mungu wangu. Kafoka mpaka jirani kazima redio. Yeye? Mwanamke? Na ndevu hizi? Kavaa koti la harusi, kaenda mwenyewe, chai hakugusa. Mimi nyuma, mtoto mgongoni. Kajaza kichupa, kaomba cha pili. Dada wa maabara akaniangalia mimi, akauangalia mdomo wa binti, akasema nisirudie. Nikaapa.

Ijumaa, 28 Machi.
Hatari ipo, vinasaba vimesema. Wakamwingizia kamera kooni. Wamekuta kidoa kidogo, hakijawa saratani bado, wakakitoa. Daktari anasema tumewahi. Tumewahi! Nimelia hadi mtoto akanishangaa. Baba sasa anapoza chai, maana ya moto sana huunguza umio, na analalamika ni kama maji ya kuoshea vyombo. Nikamwambia alalamike tu, alalamike mpaka mjukuu aolewe.

Jumamosi, 29 Machi.
Shangazi, dada yake Baba, naye kagoma kutema. Nimembembeleza, wapi! Lakini mimi si mjinga wa juzi. Shangazi ni mwanamke. Binti ni mwanamke. Jino la pili linachomoza, na kichupa ninacho.