Ombi la Kukata Nyaya za Simu Bomani Kwangu

Awendo,
9 Septemba 1996

Kwa Shemeji Dishon, fundi wa simu, Homa Bay.

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini nyumba yako ni nzima. Mwili wangu hauna neno. Mengine ndiyo yamenifanya nishike kalamu.

Niliomba simu moja tu, ili watu wa kiwanda wanipigie trekta langu likihitajika kubeba miwa. Wewe kwa ukarimu wako ukafunga kisanduku kwa dada yako Benta, mke wangu mkubwa, ukavuta waya hadi kwa Mellen, mke wangu mdogo, na mwingine hadi chumbani kwangu. Simu tatu, laini moja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Simu ikilia, inalia nyumba zote, na wote wanaiinua. Juzi nilimhakikishia mnunuzi wa Kosele kwamba ng'ombe wangu mweusi hana ugonjwa wowote. Mellen akasema polepole ndani ya simu, "Anakohoa." Mnunuzi hajapiga tena.

2. Tangu nimwoe Mellen, yeye na Benta hawakuwa wakisalimiana. Sikulifurahia jambo hilo, ila nilikuwa nimelizoea. Kila mmoja alimjua mwenzake kwa maneno yangu. Sasa mmoja akizungusha nambari kidogo, kengele ya mwenzake inagutuka, naye anainua. Wanaongea bila kulipia hata senti.

3. Katika maongezi hayo wamegundua kwamba nilikuwa nikila chakula cha jioni nyumba zote mbili, nikisema kila mahali kwamba kule hakukupikwa. Siku hizi nikiketi tu kwa Benta ananiambia, "Mellen amesema umeshashiba." Mkanda wangu umetobolewa tundu jipya.

4. Jumapili waliniita kikaoni. Walikuwa wamekwisha kukubaliana trekta litalima shamba la nani kwanza. Nilipewa chai, nikaelezwa.

Kwa hiyo njoo ukate. Kama ufundi unaruhusu, waache wanisikie mimi, lakini wasisikiane wao.

Nisalimie mkeo Phanice, watoto, na majirani wote wanaonikumbuka.

Ni mimi shemeji yako, mwenye subira,
Zablon Nyarangi

N.B. Barua hii ilikuwa bado haijafika posta mtoto mchanga wa Mellen aliposhikwa na degedege, nami niko mbali shambani. Mellen alimwita Benta kwa simu. Benta akampigia jirani mwenye pikapu, kisha akakimbia na leso tu mabegani, akambeba mtoto mwenyewe hadi hospitali, Mellen akiwa ubavuni pake. Mtoto ameamka na ananyonya. Wake zangu wote wawili wamekataa kutoka wodini.

Tafadhali usikate chochote. Ukija, beba waya mrefu. Wanasema mama yangu naye aunganishwe, ng'ambo ya shamba la miwa. Mimi sikuulizwa, lakini nimekubali.