Ukoo Mzima kwa Karatasi Moja

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha ukoo ni Jumapili, nyumbani kwa Baba Mkubwa. Kila aliyemaliza shule husimama mbele ya watu wote aeleze anataka kufanya nini na maisha yake. Mwaka huu tumemaliza wawili: mimi na binamu yangu, mtoto wa Shangazi, tunayemwita Spika kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Hotuba yake ina kurasa nne. Yangu ina jasho.

Lakini nina mpango! Nitawapa kitu cha kutazama, wasinitazame mimi. Nimepakua programu ya kupanga ukoo kwenye kompyuta ya Baba. Unaingiza watu, yenyewe inachora mti. Nitaubandika ukutani, nikae chini, basi. Mtu wa kwanza kuingizwa: mimi. Nilijisikia mkubwa sana.

Jumanne, 4 Machi

Baba ana ndugu sita. Lazima niulize majina na tarehe. Nilifanya mazoezi ya shikamoo mbele ya kioo mara tano, nikampigia Shangazi. Akapokea. Nikakata. Dakika moja baadaye alimpigia Mama kuuliza nani kafa.

Ugunduzi wa jioni: programu ina fomu! Unamtumia mtu kwenye simu, anajaza mwenyewe, majibu yanaingia kwenye mti. Huongei na mtu yeyote. Aliyeibuni lazima ni mwoga mwenzangu. Nimewatumia Shangazi, Baba Mkubwa na Bibi mzaa baba.

Jumatano, 5 Machi

Shangazi amejaza yote isipokuwa mwaka wa kuzaliwa. Hapo ameandika kwamba anayeutaka aje amwulize uso kwa uso. Siendi. Nimemkadiria. Programu ikaonya kwamba mama hawezi kumzidi mwanawe miaka minne tu. Nikamwongezea.

Spika alipita kuniambia kwamba yeye ataongea dakika ishirini, na kwamba nikizimia nisiangukie upande wake. Akaondoka akipiga mluzi. Nikasogeza kisanduku chake pembeni kabisa mwa mti, herufi ndogo kama sisimizi. Amani tele moyoni.

Alhamisi, 6 Machi

Fomu ya Bibi imerudi. Amejaza kila nafasi! Programu ikauliza kama nataka kukagua mabadiliko au kuyakubali yote. Kumkagua Bibi? Mimi nimelelewa. Nimeyakubali yote.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa mchapaji. Karatasi kubwa kama shuka. Aliniuliza kama nimesoma kila kitu, maana mti huu, dada, una mambo. Alikuwa ananitazama machoni. Nikaitikia kwa kichwa ili aache. Akaukunja, nikatoka mbio.

Jumapili, 9 Machi

Naandika mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo.

Niliubandika, nikajibanza nyuma ya kabati la vyombo. Halafu Baba Mkubwa akasoma kwa sauti kwamba mama yao, yaani Bibi, ana waume watano.

Marehemu Babu. Na wajukuu wanne wa kiume! Ndio anaowaita "mume wangu" tangu wakiwa kwenye nepi. Fomu iliuliza waume, Bibi akataja waume. Na juu kabisa, ubavuni kwake: Spika. Kwa hiyo Spika sasa ni babu yangu. Pia ni baba wa kambo wa mama yake mzazi.

Bibi aliombwa arekebishe. Akakataa katakata. Alisema huyu angalau humletea sabuni. Marehemu alikuwa mtu wa ahadi tu. Spika akasimama kudai shikamoo kwa wanawe wote, akianza na Shangazi. Shangazi akavua kiatu.

Baba Mkubwa akauliza nani kafanya haya, asimame aeleze. Spika akaninyooshea kidole, kwa madaraka yote ya mwenye nyumba.

Nikasimama. Visanduku sitini na vitatu! Nikaeleza kimoja kimoja: nani ni nani, nani si mume wa nani. Kufika cha ishirini, sauti ikatoka. Kufika cha arobaini, watu walicheka pale nilipotaka wacheke. Muda ukaisha Spika hajafungua hata ukurasa mmoja. Bibi akapiga makofi, na wengine wakamfuata.

Kisha janga: wamenichagua katibu. Kila kikao nitasimama kusoma taarifa. Kila kikao!

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Baba ameshauri nipite nyumba kwa nyumba, nizungumze na watu kabla ya kuandika chochote. Nimemwambia sawa, Baba.

Bahati nzuri programu ina sehemu inayotafuta yenyewe ndugu waliopoteana, wewe unakunywa chai. Kurudi, nikakuta imepata mia nne na kumi na wawili. Ikauliza: iwaalike kwenye kikao kijacho?

Nilisita. Halafu nikapiga hesabu. Mbele ya watu sitini, kila mtu anakuona hadi vifungo. Mbele ya watu karibu mia tano, nani atamwona msichana mmoja mwembamba?

Nimewaalika wote.