Wino Mwekundu Unaoogopa Mvua

Muheto, Jumamosi, tarehe 7 mwezi wa kumi na moja, 1953

Kwa Papa Grégoire,
Inspekteri Msaidizi wa Shule za Misheni

Mheshimiwa Papa Inspekteri,

Naomba kwanza unisamehe rangi ya barua hii. Anwani yako, salamu na jina langu nimeviandika kwa wino mweusi, kama adabu inavyotaka. Malalamiko yenyewe nimeyaandika kwa wino mwekundu, kwa sababu wino huo ndio ninaoushtaki, na si haki kumshtaki asiyekuwapo barazani.

Jambo lenyewe unalijua. Juma hili ulifika shuleni kwetu, ukafungua daftari za darasa la tano, ukazikuta nyeupe, ukakata shauri kwamba mimi sisahihishi kazi za wanafunzi. Ukaandika ripoti yako kwa utaratibu ninaousifu hata leo: uliyoyaona kwa wino mweusi, uliyoyahukumu kwa wino mwekundu. Na kwa kuwa wako mwekundu ulikuwa umekwisha, nilikukopesha wangu, nikakushikia na chupa. Ukahukumu kwamba niondolewe darasa la tano, nikafundishe wanaoanza a, e, i katika shule ya kapela, kanisa dogo lililo kule ndani ya msitu wa Walikale.

Jumatatu Papa Nestor, tarishi wa misheni, ataipeleka ripoti hiyo kwa Padri Mkubwa. Ataibeba kama karatasi zote za heshima zinavyobebwa huku: imebanwa kwenye mwanzi uliopasuliwa, juu, mbele ya uso, ionekane na kila mpita njia. Padri Mkubwa hutekeleza anachokisoma, wala haongezi neno. Mke wangu Thacienne amekwisha kuanza kufunga vyungu vyake. Kila jioni ananiuliza, "Papa Hubert, sema basi: nifunge ao nifungue?" Naomba basi unisikilize, nikuoneshe kwamba mwenye hatia si mwalimu, ni chupa.

1. Juu ya kuchagua. Sikuununua wino huu kwa pupa. Katika duka la Papa Théoneste, pale Kitshanga, kulikuwa na wekundu wa namna tatu. Wa kwanza ni wa unga, wa kukoroga na maji, nao hutoa rangi ya mtu mwenye haya. Kosa lililoandikwa kwa rangi hiyo linaonekana kama linaomba radhi. Wa pili ni mzito kama damu ya ng'ombe, huganda katika kalamu, na ukikutana na mabaki ya wino mweusi hufanya matope, hata ukalazimika kuisafisha kalamu kwa maji ya vuguvugu kama mtoto mchanga. Wa tatu ni huu: mng'avu, mwepesi, unateleza karatasini bila kukwaruza. Papa Théoneste akaniambia, "Mwalimu, hii njo nyekundu ya kweli. Zile zingine ziko na woga."

Mimi siamini maneno ya mwenye duka. Niliujaribu. Niliandika neno "kosa" kwa kila wino kwenye vipande vya karatasi, nikavitundika barazani, nikavitazama asubuhi na jioni. Huu wa tatu haukubadilika hata kidogo. Jaribio lilikuwa timamu kwa kila hali, isipokuwa nililifanya mwezi wa saba, wakati ambapo hata vyura wa Muheto wanatafuta maji.

2. Juu ya mvua. Mwezi wa tisa masomo yalianza, na mvua nayo. Wewe umezaliwa huku, Papa Inspekteri, huhitaji kuelezwa. Mwanafunzi wa milima hii hatoki nyumbani bila jani la mgomba, na jani hilo huifunika daftari kabla ya kumfunika yeye. Ndivyo ilivyokuwa mpaka mzazi mmoja, ambaye sijamjua bado, alipogundua kwamba wino mweusi wa mwanafunzi unavumilia mvua, lakini wino mwekundu wa mwalimu unayeyuka na kwenda zake. Habari hiyo ilizunguka vilima upesi kuliko habari za ndoa. Tangu siku hiyo migomba yetu ina amani. Hakuna anayekata jani. Mvua ikianza tu, daftari hupandishwa kichwani, zikiwa wazi, kama kofia. Nikimwita mzazi nimwoneshe makosa ya mtoto wake, anaifungua daftari taratibu, ukurasa kwa ukurasa, kisha ananitazama kwa huruma: "Mwalimu, iko wapi ile kosa? Mimi naona kazi muzuri tu. Labda macho yako inachoka."

3. Juu ya jua. Nilidhani wa upande wa Kirolirwe watakuwa afadhali, maana ni wafugaji, watu wa utaratibu. Papa Sebarenzi aliianika buletini ya mwanawe, ile karatasi ya alama, juu ya paa, kando ya vibuyu vya maziwa, tangu Jumapili hadi Jumapili. Nilipomuuliza sababu, alijibu bila kupepesa macho, "Karatasi nayo iko na baridi, Mwalimu." Hesabu, ambayo ilikuwa imepata mbili juu ya kumi, na nilikuwa nimeizungushia duara, ilirudi kwangu ikiwa kama kovu la zamani. Papa Sebarenzi alikuja nayo mwenyewe, pamoja na kibuyu cha maziwa, kunishukuru kwa kumfundisha mtoto vizuri. Maziwa niliyapokea. Sikuona namna ya kuyakataa bila kumvunjia heshima.

4. Juu ya wasio na hatia, na hapa ndipo moyo wangu unapouma. Kwa ujinga wangu niliandika sifa pia kwa wino huo huo. Jeannette, msichana anayewashinda wote katika darasa langu, alijaziwa buletini "vizuri sana" kutoka juu hadi chini. Mvua ilimkuta njiani, naye, kwa kuwa ni mtoto mwaminifu, ndiye peke yake aliyekuwa na jani; lakini jani lilitoboka. Kesho yake mama yake, Mama Nyirabagenzi, alisimama mlangoni mwa darasa, mikono kiunoni: "Mwalimu, Jeannette alikukosea nini? Mutoto wa Sebarenzi anaimbiwa sifa pamoja na ng'ombe, wangu hana hata neno moja!" Kwa hiyo katika shule yetu hakuna tena mjinga, na hakuna tena mwerevu. Sote tuko sawa mbele ya mawingu.

5. Juu ya kidole. Ulipozikuta daftari nyeupe, uliutazama mkono wangu wa kuume, ukasema mbele ya darasa, "Hubert, vidole ni vya muchinjaji, lakini nyama iko wapi?" Wanafunzi walicheka, nami sikuona vibaya, maana swali lilikuwa zuri. Jibu lake ni hili: wino huu unatoroka karatasini na kuhamia kwenye ngozi. Nimesugua kidole kwa majivu, kwa ndimu, kwa mchanga wa mtoni. Thacienne amejaribu hata sabuni yake ya Pasaka. Haukutoka. Naomba kidole hiki kipokewe kama daftari rasmi ya darasa la tano. Kazi zote nilizosahihisha zimo humo.

Baada ya kuyapima hayo yote kwa utulivu, naleta maombi yangu, nikianza na yale yasiyo na gharama.

Ya kwanza: wino ubadilishwe mikono. Wanafunzi waandike kwa mwekundu, walimu wasahihishe kwa mweusi. Mvua ikinyesha, kazi ya mwanafunzi itaondoka na masahihisho yatabaki. Nakiri kwamba tutakuwa na makosa ambayo hayajulikani yalikuwa makosa ya nini. Lakini, kwa heshima, Papa Inspekteri, hukumu ya namna hiyo imekwisha kuandikwa shuleni kwetu, na ilionekana inafaa.

Ya pili: kama hilo ni gumu, masomo yafuate kiangazi. Tufundishe wakati hakuna mvua na kupumzika wakati inanyesha. Nimeipima kalenda ya mvua ya huku kwetu Masisi. Tutapata muda wa kutosha kujifunza majina ya siku, na pengine kujumlisha.

Ya tatu: ikiwa kalenda haiguswi, basi na tuitumie tabia ya wino wenyewe. Kwa kuwa hushika ngozi kuliko karatasi, alama za kila mwanafunzi ziandikwe kwenye paji la uso wake. Hakuna jua litakalozifuta wala mvua itakayozichukua. Wazazi watazisoma toka mbali, majirani pia, na gharama ya buletini itaondoka kabisa. Kwa haki, walimu nao waandikwe, kila mmoja na inspekteri wake. Juu ya nani atakayemwandika inspekteri, sijafikia uamuzi, lakini kidole changu kiko tayari.

Hayo ndiyo niliyonayo. Nayaleta kwako bila hasira, kama mtu anayeleta mzigo uliopotea kwa mwenyewe.

Msalimie Mama Joséphine-Marie na watoto wote, mkubwa kwa mdogo. Wasalimie wapishi, waimbaji wa kapela, na yule jirani yako anayetengeneza baiskeli. Baiskeli yenyewe pia isalimu. Njia ya kwetu iliitesa. Mungu akulinde katika njia zako zote.

Mimi mwenzako katika kazi,
Hubert,
Mwalimu wa darasa la tano (mpaka sasa)

Nyongeza, Alhamisi. Barua hii ilipaswa kwenda Jumatatu na Papa Nestor, akupitishie wewe kabla ya kufika kwa Padri Mkubwa. Lakini wino huu, katika unyevu wa huku, hukauka polepole kuliko Papa Nestor anavyoamka, naye aliniacha, akanyoosha moja kwa moja misheni. Mvua ilimkuta kwenye mlima, mwanzi juu, ripoti mbele ya uso, kama desturi.

Jana Padri Mkubwa aliniita. Nilimkuta ameishika ripoti yako kwa mikono miwili. Alinisomea: kwamba ulifika, kwamba ukuta umepakwa chokaa, kwamba wanafunzi waliimba, kwamba mwalimu ni Hubert, kwamba yote uliyaona kwa macho yako, na sahihi yako. Kisha akasema, "Hubert, tangu nimujue Grégoire, hii njo ripoti ya kwanza haina kosa. Na tazama: amechagua hata karatasi ya rangi ya waridi, ya sikukuu!" Nabaki na darasa langu. Akaniomba pia, kwa kuwa amesikia nina ujuzi wa jambo hilo, nichague wino mwekundu wa shule zote za misheni kwa mwaka ujao. Nilimjibu kwamba nilikwisha kufanya jaribio, na kwamba mmoja uliwashinda wenzake.

Kwa hiyo nafuta malalamiko yote, tangu la kwanza hadi la tano, pamoja na maombi, hasa lile la paji la uso. Thacienne amefungua vyungu.

Papa Nestor anaondoka sasa hivi kuja kwako. Mawingu yamekwisha kushuka hadi kwenye migomba. Alitaka kukata jani aifunike barua. Nimemwambia asijisumbue, maana nyongeza hii nayo nimeiandika kwa mwekundu, na zile salamu, kama ujuavyo, ziko kwa wino mweusi.