Ini la Komisea Sikuli

«Inajulishwa kwa batu bote ba Butembo na Beni: kuanzia leo, maini yenu iko chini ya ulinzi wa Mouvement.»

Tangazo lilisomwa sokoni kwa megafoni, mwaka 2001, na watu wakapiga makofi, kwa sababu askari walikuwa wamesimama nyuma yao. Waasi wa Mouvement walikuwa wamekwisha kuunda idara ya barabara bila barabara, na idara ya mishahara bila mishahara. Lilibaki ini. Ikazaliwa Komisheni Kuu ya Utafiti wa Maini na Mwendo wa Damu Ndani Yake, na mkubwa wake akawa Komisea Sikuli, mtu aliyelijua ini vizuri, hasa la mbuzi, la kukaanga na kitunguu.

Mathe Muyisa alipewa kazi ya mlango: kufungua, kufunga, na kuandika majina katika rejista. Hakusoma sana, lakini herufi zake zilisimama wima, na Komisea alipenda vitu vinavyosimama wima mbele yake. Mathe aliikubali kazi ile kwa sababu moja tu. Mke wake Katungu alikuwa amevimba tumbo na macho yamegeuka njano, na ndani ya ofisi ile kulikuwa na mashine.

Ilikuwa imekuja kwa lori kupitia mpaka wa Kasindi, pamoja na katoni za dawa. Daktari Vagheni aliieleza Komisheni taratibu, kama mtu anayelisha mtoto uji.

«Damu ya matumbo inapitaka kwanza kwa ini, sawa vile mizigo inapitaka Kasindi. Ini ikikuwa nguvu sawa jiwe, njia inazibama. Damu inatafuta tunjia twa pembeni, na maji inajaa tumboni. Mashine inaonyesha fasi yenye imezibama.»

«Donc ni fraude, ni magendo,» alisema Komisea, na akaagiza iandikwe hivyo.

Ila mashine haikuweza kuwashwa kabla ya kuzinduliwa. Mkubwa wa Beni, mkuu wa waasi wote, ndiye aliyepaswa kukata utepe, naye alikuwa vitani au kwenye mkutano wa amani, mambo ambayo mwaka ule yalikuwa kitu kimoja. Basi mashine ikakaa ofisini, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake maua ya plastiki. Dawa nazo zilikuwa za walioandikwa kwenye rejista peke yao.

Mathe akamleta Katungu. Akaketi kwenye benchi la mlangoni, tumbo limelala juu ya magoti.

«Anakunywaka pombe gani?» Komisea aliuliza, fishi ya maswali mkononi, karatasi yenye mihuri miwili.

«Yeye hapana kunywa, chef. Hata kasiksi ya harusi yetu hakuonja.»

«Basi hana ugonjwa wa ini. Angalia fishi: bia, kasiksi, kanyanga. Mwenye hapana kunywa hana fasi.»

«Andika tu kama anakunywaka.»

«Papa Mathe, Serikali haiandikake uongo. Na chenye kimesainiwa hakifutwake. Mutarudia kesho.»

Katungu akacheka kidogo. «Nitajifunza kunywa sasa, na hii tumbo imeshajaa?»

Wakarudi kesho. Kesho ya Komisea ilikuwa ndefu kuliko njia ya Manguredjipa wakati wa mvua. Siku ya kumi na moja Mathe alikuja peke yake. Komisea akampa pole na ruhusa ya nusu siku. Jina la marehemu halikusumbua mtu kulifuta, kwa kuwa halikuwa limeandikwa.

Mwezi ukapita, mkubwa wa Beni akafika, utepe ukakatwa. Kwa maonyesho lilitakiwa ini zima kabisa, na Komisea, mzalendo, akavua shati mwenyewe mbele ya mapadri, mashehe na mama wa soko.

«Hii ini haijaonja pombe hata siku moja,» alisema kwenye megafoni. «Hii njo ini ya kiongozi.»

Mama Florentine, mwenye kibanda cha bia nyuma ya ofisi, alishikwa na kikohozi kirefu. Mathe aliandika maneno yale katika rejista kama alivyoamriwa. Komisea akasaini. Mkubwa wa Beni akasaini chini yake, akasema mtu atakayegusa ukurasa ule atalala kachot, gerezani kwa askari.

Daktari Vagheni akapitisha kifaa juu ya tumbo. Akakipitisha tena. Na mara ya tatu.

«Sema, docteur. Batu basikie.»

«Ini imekuwa nguvu sawa jiwe,» megafoni ikasema hadi ng'ambo ya soko. «Damu hapana kupita. Inazunguka pembeni.»

«Fraude,» alisema mama mmoja kule nyuma.

Kesho yake asubuhi Komisea alikuja mlangoni, mkono ubavuni. Mathe akafungua fishi.

«Unakunywaka pombe gani, chef?»

«Mathe, unanijua.»

«Nakujua. Lakini rejista inasema haujaonja hata siku moja. Sinyatire yako hii. Ya mkubwa wa Beni ile.»

«Futa.»

«Chenye kimesainiwa hakifutwake.»

«Andika bia. Andika hata kanyanga. Nakuomba, papa.»

«Serikali haiandikake uongo.»

Komisea alichungulia ndani. Mashine ilikuwa imefunikwa tena kitambaa chake, na maua yamerudishwa mahali pake. Mathe akapangusa benchi kwa kiganja.

«Ikala pale, chef. Kuume ubao umelegea. Katungu alikuwa anaikalaka kushoto.»