Ombi la Kutangaza Kwamba Wazee wa Japani Wamepona Uzee

Nechells, Birmingham
Alhamisi, baada ya zamu ya asubuhi

Kwa Mhariri,
Jarida la Jamvi.

Ndugu Mhariri,

KUH: UKURASA WAKO WA VYUO VYA UFUNDI VYA JAPANI

Pokea salamu zangu, ingawa safari hii hustahili. Mimi ni msomaji wako tangu jarida hili lilipokuwa karatasi mbili zilizobanwa kwa pini, na sijawahi kukulalamikia, hata pale wewe Mzanzibari ulipoandika kwamba pilau ya Wakenya ni wali ulioghafilika. Nilinyamaza kwa ajili ya umoja wa Afrika Mashariki. Leo siwezi, kwa maana umeingia jikoni kwangu na kumchukua mtoto wangu.

Nijitambulishe. Naitwa Kwamboka, natunza wazee majumbani mwao upande wa Harborne. Nina binti mmoja tu, Kemunto, ambaye amemaliza kidato cha sita mwaka huu. Kanisani hakuna anayeniita Kwamboka. Naitwa Mama Daktari. Jina hilo nilipewa na akina mama wenzangu Kemunto akiwa bado anatambaa na nepi, siku alipomfunga mwanasesere bendeji kichwani. Katika ushirika wetu mama huitwa kwa kazi atakayoifanya mwanawe, na mtoto hujulishwa baadaye. Tunaye Mama Wakili, tunaye Mama Rubani, na wote tunaishi kwa amani.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Mahali ulipouweka ukurasa huo. Katika toleo la Pasaka ulichapisha picha yangu nikiimba kwenye kwaya, nimevaa kitenge cha kijani. Nashukuru. Niliikata kwa makasi nikaibandika mlangoni mwa friji kwa sumaku. Sikutazama nyuma, kwani nani hutazama nyuma ya picha yake mwenyewe? Kumbe huko nyuma ulikuwa umepanga "Vyuo vya Ufundi Japani kwa Wanafunzi wa Kigeni: Chaguo ni Lako". Siku moja nikarudi kutoka kazini nikakuta friji inaonyesha Japani. Nikaigeuza karatasi. Kesho yake Japani tena. Nikageuza. Binti yangu nami hatukusemezana neno juu ya jambo hilo, tulikuwa tunageuza tu, kila mtu kwa zamu yake, mpaka karatasi ikaanza kulegea pembeni. Hakuna mama anayepaswa kushindana na nchi nzima mlangoni mwa friji yake.

2. Wingi wa vyuo vyenyewe. Uliandika kwamba kule kijana akimaliza sekondari si lazima aende chuo kikuu, kuna vyuo vya ufundi vinavyofundisha kazi moja, kwa kawaida miaka miwili, mpaka mikono iijue. Ukataja magari, baiskeli, keki, katuni, ushonaji wa kimono, huduma za hoteli, na hata kuwaogesha mbwa na kuwanyoa. Mimi ni mama mwelewa. Nilikaa chini nikatafuta namna ya kuitamka kila kazi kanisani. Katuni ni sayansi ya kompyuta. Baiskeli ni uhandisi. Keki ni biashara ya kimataifa, maana unga utatoka nje. Hata kunyoa mbwa ningesema ni udaktari wa mifugo, na jina langu likabaki salama. Milango yote hiyo ilikuwa wazi, naye Kemunto akachagua kutunza wazee.

Narudia, kwa sababu hata mimi ilibidi nirudiwe. Mtoto wangu anataka kuvuka dunia, aingie chuoni, afanye mtihani wa taifa, ili aje kufanya kazi ambayo mama yake anaifanya hapa Harborne kwa kupanda basi. Kazi hiyo haina jina la kuifichia. Katika kanisa letu nusu ya akina mama wametoka zamu na nusu wanaiendea. Hao utawadanganya nini?

3. Mpango wa familia. Nilitoka Nyamira, nikapanda ndege, nikajifunza kuinua watu wazima bila kuvunja mgongo, wao wala mimi, ili mwanangu asije akainua mtu. Kizazi cha kwanza kiinue, cha pili kiandike dawa, cha tatu kipumzike. Sasa kama cha pili kinakwenda kuinua Wajapani, cha tatu kitamwinua nani? Nikifuata mwendo huu, naona wajukuu zangu wakipelekwa kuhudumia wazee wa mwezini. Faraja yangu ni kwamba huko nasikia watu hawana uzito.

4. Lugha. Kemunto amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, hasa nikimsema, lakini hujibu kwa Kiingereza. Ekegusii ndiyo kabisa. Nyanya yake akipiga simu ya video kutoka Nyamira, yule mama huongea kwa bidii, na mtoto humpungia mkono kama mgombea ubunge. Ukurasa wako ulisema mwombaji lazima kwanza ajue Kijapani cha kutosha, na kwamba wengi hupitia shule ya lugha kabla ya chuo. Tangu siku hiyo nyumba yangu haina adabu. Anainamia ugali na kusema "itadakimasu", neno lao la kushukuru chakula, kabla hajaumega. Sufuria, mlango na choo vyote vimebandikwa vikaratasi vya Kijapani. Anajua kumwuliza bibi wa Kijapani kama maji ya kuoga yamezidi moto, lakini bibi yake mwenyewe hajawahi kumwuliza kitu.

Nilimwambia hayo kwa ukali, sikuchagua maneno. Simu iliyofuata akamwuliza nyanya yake, kwa Ekegusii, kwa lafudhi mbaya mno, kama magoti bado yanauma. Mama yangu alilia. Nami nikalia, na ugali ukaungua. Huo ugali nauhesabu katika malalamiko haya.

5. Bwana Oliver. Huyu ni mzee ninayemhudumia. Kemunto alipokuwa mdogo, shule zikifungwa sikuwa na wa kumwachia, nikawa naenda naye kazini. (Sehemu hii usiichapishe, mwajiri wangu anajua kusoma.) Alikuwa akikaa sebuleni kwa Bwana Oliver na kitabu chake cha kupaka rangi, nami nikaamini anapaka rangi. Juzi nilimwuliza, kwa sauti ambayo hata jirani yangu Jasvir aliisikia ukutani, ni nani aliyemtia wazo hili kichwani. Akanijibu, "Ni wewe, Mum. Unamwimbia Oliver ukimwinua, and he stops being scared. Mimi nataka kujua hiyo. Kule iko na chuo."

Zaidi ya nusu ilikuwa Kiswahili, Ndugu Mhariri, kwa hiyo nilijua si mzaha. Sikujua kama huwa naimba nikimwinua, wala kwamba wimbo humtoa hofu. Jambo hili naliandika hapa kama lalamiko kwa sababu sijui niliandike kama nini.

6. Mimi mwenyewe. Nilikuwa nimepanga kuzeeka karibu na daktari. Sasa huyo mtoto atakapokuwa anamsimamisha bibi wa watu huko Japani, mimi nitasimamishwa na nani? Naogopa, na sioni haya kusema. Kuna siku nitarudi kutoka kazini nikute sufuria zimekaa nilivyoziacha, hakuna kikaratasi kipya popote, na kwenye friji niko peke yangu naimba. Hilo hukuliandika kwenye ukurasa wako. Uliandika hali ya hewa, misimu yote minne.

7. Jumapili hii. Kanisani kwetu kuna ibada ya kuwaombea wanafunzi wanaoingia vyuoni. Kila mama husimama na mwanawe, hutamka anachokwenda kusomea, na mchungaji huwawekea mikono. Mimi nilikwisha kumpa katibu neno "Udaktari" na ameliandika kwenye programu kwa herufi kubwa. Nilimweleza Kemunto, nikitegemea ugomvi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Badala yake akasema atasimama nami, na lolote nitakalolitamka mbele za watu ndilo atakalolifanya. Nikisema udaktari, Japani basi. Hatanisahihisha, hataniaibisha, wala hatanuna.

Ni mtoto wa namna gani huyo, anayemtii mama yake siku ambayo mama hataki kutiiwa? Tangu hapo sijapata raha. Nikimkataza, nimemkata mbawa kwa mdomo wangu. Nikimruhusu, nimejifungia mwenyewe nyumba tupu. Chanzo ni ukurasa wako.

Kwa sababu hizo naomba, kwa heshima zote, yafuatayo yatekelezwe kabla ya Jumapili:

(a) Utangaze kwamba wazee wa Japani wamepona uzee, wote, na kwamba sasa wanajiinua wenyewe.

(b) Ikiwa hilo ni gumu kulithibitisha, utangaze kwamba Japani imefungwa kwa matengenezo.

(c) Kuanzia sasa, nyuma ya picha ya mama yeyote pachapishwe mambo ya udaktari au pawe peupe.

Nisalimie Bi Nasreen wa ukurasa wa mapishi, umwambie nazi yake ilikuwa nyingi lakini tulikula. Nisalimie Néhémie mpiga picha, ingawa alikikata kilemba changu. Wasalimie Wazanzibari wote, hata wale wa pilau, na wewe Ndugu Haroun ujisalimie mwenyewe, nikitumaini umeaibika kiasi cha kutosha.

Wako kwa hasira iliyo na adabu,

Kwamboka
Mama Daktari (hadi Jumapili)

Tanbihi. Jumapili, baada ya ibada.

Barua hii ilikuwa ingali mkobani kwa kukosa stempu, kwa hiyo naongezea.

Mama Rubani alitutangulia na kijana wake Mugo, akatamka urubani, watu wakapiga makofi. Kisha tukaitwa sisi. Nilisimama nikiwa na neno "udaktari" mdomoni, limekaa tayari. Ndipo nikahisi Kemunto amenishika chini ya kiwiko, kiganja wazi, hakubana wala hakuvuta. Hivyo ndivyo ninavyomshika Bwana Oliver anapoinuka kitini. Sikuwahi kumfundisha.

Nikasema, "Anakwenda Japani kusomea kutunza wazee. Kazi yangu."

Mchungaji akatazama programu, akanitazama, akatazama programu tena. Kisha Mama Rubani akainuka alipoketi akauliza, bila kipaza sauti na bila kukihitaji, kama vyuo hivyo vinachukua na wavulana, kwa kuwa Mugo hata ngazi ya stoo huipanda amefumba macho. Mugo alicheka kwa nguvu kuliko mtu yeyote, nadhani kwa kufunguliwa. Wakati wa chai akina mama walinizunguka wakitaka ule ukurasa. Tafadhali niletee nakala nyingine, huu wetu umechakaa kwa kugeuzwa. Kuna aliyejaribu kuniita Mama Japani, nikamwambia nina jina.

Tulipofika nyumbani nilikuta karatasi kwenye friji inaonyesha picha yangu. Kemunto alikuwa ameigeuza asubuhi kabla hatujatoka, akijua naweza kusema udaktari. Alikuwa amekwisha kuniachia. Nililia hapo hapo nimeshika mlango wa friji, maziwa yakapata joto, kisha nikaigeuza mwenyewe kwa mkono wangu na kuibana kwa sumaku mbili.

Kwa hiyo ombi la (a) lifute, na (b) pia. Wazee wa Japani waendelee kuzeeka, ila wazeeke polepole, wasiwe na haraka. Mtoto bado ana shule ya lugha, na kuna nyimbo chache za kuinulia watu ambazo sijamfundisha.

Mama Kemunto