Setilaiti ya Kukodisha

Amiri wa Chuno alilijua dishi la Ziwani siku nyingi kabla ya kulipenda. Lilikuwa jeupe, pana kuliko paa la nyumba yake, limezungushiwa seng'enge, na kampuni moja ya kigeni ililitumia kuzungumza na setilaiti yake huko juu. Wenyeji walishaacha kulishangaa. Mbuzi wao walilala kivulini mwake. Hadi siku moja, mwaka 2003, fundi wa dishi, Emmanueli, kijana mpole aliyeletwa kutoka Bukoba, alipomlalamikia Amiri wakinywa chai.

"Kaka, ile mitambo iko wazi kama choo cha stendi. Neno la siri ni lilelile lililokuja na mitambo kutoka kiwandani. Anayelijua anaingia kwa mtandao, popote alipo, analiamuru dishi, na kupitia dishi anaiamuru setilaiti. Nimewaandikia wakubwa mpaka nimechoka. Wananijibu, nani Mtwara atajua?"

"Na linageuka wakati gani?" Amiri akauliza.

"Setilaiti ikipita. Kesho, ukisikia tu adhana ya alasiri, itatokea upande wa Ruvuma."

Mwingine angeuliza neno la siri. Amiri hakuwa na haja nalo. Kuvunja milango ni kazi ya wezi, na yeye alijihesabu mfanyabiashara.

Asubuhi alikuwa kibarazani kwa Bakari, mnunuzi wa korosho ambaye pikapu yake ilijulikana vijiji vyote, na tamaa yake ilijulikana zaidi.

"Mzee, kule juu kuna kamera. Inaziona korosho zote mpaka Mpapura zikiwa bado mtini. Ukiikodi, unamfikia mkulima kabla ya wenzako."

"Na maghala ya wenzangu?"

"Inaona kupitia bati. Ila bati lenye kutu linaisumbua kidogo."

Ile kutu ndiyo iliyommaliza Bakari. Aliona kwamba mwongo asingetaja kasoro ya bidhaa yake.

Alasiri wakasimama kwenye seng'enge. Adhana ilipoanza, Amiri akatoa rimoti ya televisheni mfukoni, akabonyeza.

"Amka."

Dishi likanguruma, likainuka, likatazama Ruvuma.

"Sasa pita Mpapura. Taratibu, tuna mgeni."

Likapita taratibu. Bakari akavua kofia. Jioni hiyo Amiri alikuwa anaendesha pikapu, malipo ya msimu mzima wa setilaiti.

Hakuifaidi sana. Haikupita wiki, dishi likageuka bila kuambiwa, likainama likakodolea macho shamba la muhogo la Bi Tatu, likagoma kuinuka. Setilaiti ikabaki huko juu haina wa kuzungumza naye. Wakubwa wa kampuni wakaja kwa ndege, polisi wakaingia Chuno. Upelelezi haukuwa mgumu, maana Bakari alijitokeza mwenyewe, kifua mbele.

"Mwenye rimoti ni Amiri," alisema. "Mimi mpangaji tu."

Wakampeleka Amiri mpaka kwenye seng'enge. Kuharibu mitambo ya watu kulikuwa kifungo cha miaka. Kumwingiza Bakari mjini, pengine wangeishia kuombana radhi.

"Afande, mimi ni tapeli," akamwambia Inspekta Elizabeti.

"Kila mhalifu ana unyenyekevu wake."

"Tapeli kweli. Hii ni rimoti ya televisheni. Waulize watu Chuno."

"Tumewauliza. Wamesema wewe ni mwongo, tusiamini lolote utakalosema."

"Basi tazama mwenyewe." Akainyoosha rimoti, akabonyeza. "Amka."

Dishi likakoroma, likainua uso kutoka kwenye muhogo, likamtazama yeye.

Mkubwa mmoja akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Lala," Amiri akasihi. Likalala.

Wakubwa wakanong'onezana. Ikijulikana duniani kwamba chombo chao kimetekwa kwa rimoti ya televisheni, nani atawapa kazi tena? Wakawaomba polisi yaishe, wakamwapisha Amiri asitamke neno, wakaifunga rimoti ndani ya mfuko wa plastiki ikachunguzwe makao makuu. Neno la siri likabadilishwa palepale. Bakari naye akachukua pikapu yake. Setilaiti imerudi kwa wenyewe, alisema, na upangaji umekwisha.

Emmanueli akamsindikiza Amiri hadi barabarani.

"Ni wewe," Amiri akasema.

"Ni mimi. Niliwaona wewe na Bakari kwenye seng'enge siku ile. Nikaliinamisha nikiwa kwenye duka la mtandao, pale sokoni. Leo nilikuwa kwenye mitambo, dirishani, nakuona unavyobonyeza."

"Ningefungwa, Emmanueli."

"Ungefungwa, ningesema. Roho ilikuwa mkononi. Lakini ningesema mapema wangenifukuza kazi, na mlango ungebaki wazi. Nilihitaji mwizi, kaka. Asiyejua kuiba."

Amiri alitaka kukasirika, akashindwa. Miaka yote aliuza maneno, na leo, mara ya kwanza kusema kweli mbele ya watu, hakupata mnunuzi hata mmoja. Akabaki akimtazama yule fundi mpole anavyorudi getini, anafunga kufuli, analivuta mara mbili kuhakikisha. Kisha akakunja suruali na kuanza safari ya Chuno kwa miguu.